Hatukusindikizwa

Harufu ya godoro jipya hunichefua. Najua wengine huipenda, wakiinusa wanaona wamefika mahali katika maisha. Nilipoingia duka moja la Kamembe, mji wa Rwanda mpakani na Kongo, kumtafutia mama godoro la kuugulia, muuzaji alichana nailoni kwa meno, akanisukumia sponji puani. "Nusa, Maman. Matela hii haijalaliwa na muntu." Nilinusa, nikatoka nje kutema mate kwenye mtaro. Akanifuata mlangoni. "Iko mimba?" Nikamwambia, "Hapana, ni hasira." Akapunguza bei, nadhani kwa woga.

Nimelala juu ya vitu vingi katika maisha yangu. Shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa kuuliza maswali na kuondoka. Nimelala juu ya magunia ya muhogo katika lori la kwenda Uvira, kwenye mabenchi ya kivuko, kwenye mikeka ya watu ambao majina yao sikuyajua. Hakuna kati ya hivyo kinachonirudia. Kinachonirudia ni magodoro ya ile nyumba iliyokuwa mlimani juu ya Kamembe, magodoro ambayo sikuwahi hata kuyalalia.

Ilianza na kifo cha baba. Tulikuwa tukiishi Nzahaha, katika shamba lake la migomba na maharage. Baba aliposhindwa kutembea, wanaume walimlaza katika ingobyi, ile machela ya kusuka inayobebwa mabegani, wakashuka naye mlima kwenda hospitali huku wakipokezana. Aliporudi, walikuwa wanaume walewale, lakini mabegani walikuwa na sanduku lililofunikwa shuka jeupe, na nyuma yao wanawake waliimba. Niliimba pia, kwa nguvu, kwa sababu wimbo ule niliujua. Baada ya maziko godoro lake lilichomwa nyuma ya nyumba. Chumba chake kikaoshwa kwa dawa ya klori, mlango ukaachwa wazi mpaka sakafu ikakauka. Hakuna aliyenieleza lolote, basi nikajieleza mwenyewe: mtu akiondoka na kitu cheupe mabegani mwa wanaume, wanawake wakaimba nyuma, na chumba chake kikaoshwa, huyo harudi.

Kabla majirani hawajaacha kuja kutupa pole, baba mdogo Fosteni alikwisha kupanda mahindi yake mpaka kwenye kizingiti chetu. Mama alipomuuliza, alijibu bila kuacha jembe. "Weye ni mwanamke wa Bukavu. Rudia kwenu."

Mama alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa Bukavu, upande wa Kongo; wazazi wake walikimbilia huko zamani. Alicheka kicheko kibaya. "Kule banatuita Banyarwanda, huku banatuita Bakongomani. Kwetu ni wapi, Papa Fosteni? Katikati ya daraja?"

Baba mdogo hakucheka. Siku chache baadaye aling'oa mlango wetu, akasema ni mbao za ukoo.

Ndivyo tulivyofika katika nyumba ya kanisa. Ilikuwa safu ya vyumba vya matofali kwa ajili ya familia zilizopatwa na shida: wajane, waliokimbia waume, waliounguliwa nyumba. Mtu alikaa pale kwa muda, mpaka "asimame", kama walivyosema. Ukisimama mbele ya ua uliona ziwa chini, na Bukavu ng'ambo imekaa juu ya vilima vyake. Mama alikuwa akiitazama Bukavu kama mtu anayetazama sufuria ya jirani.

Nitaisema haki ya nyumba ile, nisije nikaitwa mwongo. Tulikula. Kila asubuhi palikuwa na uji wa sosoma, ule unga wa soya, mtama na mahindi, mzito, wenye sukari. Lakini uji ulitanguliwa na sala, na katika sala tulitajwa. "Bwana, mutazame huyu mujane, Maman Riziki, ulainishe moyo wake." Mama alishika kikombe chake, macho wazi, akisikia moyo wake ukijadiliwa mbele ya watu kama nyama ngumu. Riziki ni mimi. Nilikuwa nafikiri moyo wa mama ni mgonjwa, nikawa namwekea sikio kifuani kusikiliza.

Aliyesali hivyo ni Maman Pasta, mke wa mchungaji, mwenye nyumba kwa maana zote. Alikuwa na sauti ndogo na mikono ya baridi. Akitaka kukukatalia kitu alikushika kidevu kwanza. Katika kuzunguka kwangu nimekutana na askari wa mpakani na walevi wenye visu, lakini sijapata kuona mtu anayechinja kwa upole kama yule mama. Mwanamke akichelewa sala, Maman Pasta hakumgombeza. Alimletea uji mwenyewe, baridi, akakaa naye mpaka aumalize.

Ili usimame ilibidi utoe ushuhuda kanisani Jumapili, mbele ya watu wote. Useme ulivyokuwa, ulivyolia, nani alikukosea, jinsi ulivyomsamehe, na jinsi nyumba ilivyokuokota. Ukishuhudia vizuri, ulitafutiwa chumba cha kupanga mjini, ukapewa godoro jipya.

Katika chumba cha jirani alikuwepo Maman Furaha, mchuuzi wa Bukavu ambaye mumewe alimkimbia na mtaji wake. Mdomo wake haukuwa na pazia. Alimwona mama akifuta macho kwa siri penye bomba, akapiga makofi. "Ona! Maman Riziki, weye unalia machozi ya ndani. Hapa banataka ya inje! Utazeeka mu hii nyumba."

"Acha nizeeke," mama akasema.

"Na kiburi yako utakula na nini? Na sombe ya mihogo?"

Binti yake Furaha alikuwa rafiki yangu pekee pale. Watoto wa mtaani walituita watoto wa uji, tukawarushia mawe pamoja. Kwa hiyo siku Maman Furaha alipotoa ushuhuda wake nilikaa karibu na Furaha, nikijivunia. Mama yake alilia, akaanguka, akasaidiwa, akaanguka tena upande wa pili ambako wageni walimwona vizuri zaidi. Kanisa zima lililia. Furaha akaninong'oneza, "Alijaribu jana mu chumba. Aliumia kiwiko."

Siku chache baadaye nilikuwa nimechuchumaa uani nikichambua maharage, nikasikia wimbo. Ulikuwa uleule wa maziko ya baba. Mashemasi walitoka katika ghala wakiwa na kitu kirefu mabegani, kimefungwa shuka jeupe. Maman Pasta hakupenda magodoro yake yachafuke kwa vumbi la njiani, ndiyo sababu ya shuka, lakini mimi sikuliona godoro. Niliona shuka. Nyuma yake alitembea Maman Furaha akiwa ameinamisha kichwa, na Furaha katika gauni jeupe la kuazima, na nyuma yao wanawake wote wakiimba. Walitoka getini wakashuka mlima. Furaha aligeuka akanipungia mkono.

Walirudi wanawake tu. Chumba cha Furaha kilikuwa kinaoshwa kwa klori, mlango wazi.

Nilimfuata Maman Pasta hadi jikoni. "Furaha atarudi?"

Akanishika kidevu. "Hapana, mutoto wangu. Kwa neema ya Mungu harudie tena hapa. Iko mahali pazuri."

Tangu siku hiyo nilijua nyumba ile ni ya nini. Wanakunenepesha kwa uji, wanakufanya ulie hadharani, kisha wanakuimbia na kukupeleka. Niliacha kumaliza uji wangu. Mama aliniuliza kama tumbo linauma, nikasema ndiyo.

Wasomaji wa rika langu waliolelewa mitaa ya kwetu wataelewa jambo ambalo mimi sikulielewa. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Akiaga, mwenyeji husimama naye, humvusha kizingiti, hutembea naye kipande cha njia wakiongea hata kama hawana tena la kuongea, mpaka kwenye mtaro au njia panda, na hapo ndipo huachana. Kumwacha mtu aondoke bila kusindikizwa ni kumwambia kwamba hakuwahi kufika. Nyumba ile ilichukua desturi hiyo ya kila mtu ikaifanya tuzo. Aliyewaridhisha alisindikizwa kwa nyimbo mpaka barabarani. Asiyewaridhisha aliondoka kama maji machafu.

Kisha baba mdogo akaja. Alikuwa shemasi katika tawi la kanisa lilelile kule Nzahaha, nasi hatukujua kama Maman Pasta alijua hivyo tangu mwanzo. Alikuja na nguo zake za Jumapili na mkungu wa ndizi. Wakaketi sebuleni, yeye na Maman Pasta kwenye viti vya mito, mama kwenye benchi, mimi sakafuni nikimshika mama mguu.

Mama aliutazama ule mkungu muda mrefu. "Hizi ndizi ni za mugomba wa karibu na choo," akasema. "Niliupanda miye."

"Tumuache mugomba," Maman Pasta akasema kwa ile sauti yake. "Siku ya Bwana utasimama, utasema umemusamehe ndugu yako, na mambo yote kati yenu imeisha. Atalia, mutakumbatiana. Wiki inayofuata tunakusindikiza na matela yako. Chumba tumeisha pata."

"Na shamba?"

"Shamba ni bintu ya dunia, Maman Riziki."

"Kama ni ya dunia, basi aiache yeye. Ni shemasi."

Baba mdogo akasonya. Maman Pasta alitabasamu, na hapo nikajua mambo yameharibika. Wapatanishi wa kijiji walikuwa wamekubali kuisikiliza kesi ya mama kuhusu lile shamba, na wote watatu mle sebuleni walijua jambo moja: mwanamke akisema mbele ya kanisa zima kwamba yote yamekwisha kati yake na shemeji, atakuja kudai nini tena mbele ya wapatanishi? Nusu yao walikuwa wanasali katika kanisa lile. Lile kumbatio lingekuwa ndiyo hukumu.

Mimi sikujua habari za wapatanishi. Nilisikia maneno mawili tu, kusindikizwa na matela. Nikapiga yowe. "Mama, usikubali! Usikubali batusindikize!"

Mama alinitazama kwa mshangao, kisha akainua kichwa, na nikaona mgongo wake ukinyooka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Munasikia?" akawaambia. "Mpaka mutoto anaelewa."

Maman Pasta akaniangalia. Hakunishika kidevu. "Huyu mutoto mumemuharibu," akasema. Ndizi zikapikwa jioni ile kwa ajili ya nyumba nzima. Mama hakuzigusa, nami pia, kila mtu kwa sababu yake.

Jumapili ilipofika mama alivaa kitenge chake cha harusi. Nilijua anakwenda kufa au kukataa, nikashika kidole chake mpaka mbele. Baba mdogo alikuwa amekwisha kutoa leso. Kiongozi wa kwaya alikuwa ameagizwa aanzishe wimbo mara tu mama atakaposema neno la kusamehe, na alikuwa kijana mtiifu.

"Papa Fosteni," mama akasema, "miye niliisha kukusamehe..."

Kwaya ikalipuka. Ngoma, vigelegele, baba mdogo akainuka mikono wazi. Mama alisimama palepale kama nguzo ya umeme, akangoja. Wimbo ulipoona hakuna anayekumbatiwa, ukaanza kufa sauti moja moja, mpaka akabaki mzee mmoja nyuma akiimba peke yake kwa macho yaliyofumbwa, akaguswa bega.

"Sikumaliza," mama akasema. "Weye nilikusamehe. Hata ukiumwa leo, nitakuletea maji. Lakini shamba silisamehe. Shamba haikunikosea kitu."

Hakulia. Nadhani hilo ndilo ambalo wao hawakumsamehe. Aliniongoza tukarudi kwenye benchi letu, na watu wa benchi lile wakasogea, ingawa nafasi ilikuwa ya kutosha.

Maman Pasta alitungoja nje. "Kesho chumba itahitajika," akasema. "Kuna familia yenye shida ya kweli."

Tuliondoka asubuhi. Mama alibeba furushi kichwani na sufuria mkononi, mimi nilibeba mkeka. Wanawake walikuwa wamesimama milangoni mwao, mikono ikiwa na povu la sabuni. Hawa ndio walioomba chumvi kwake, ambao aliwasuka nywele, aliwashikia watoto. Hakuna aliyevuka kizingiti. Mmoja alifungua mdomo, akatazama upande wa jikoni, akaufunga. Getini mlinzi alifungua bila kumtazama mama usoni. Njiani watu walituangalia, kwa sababu mtu mwenye furushi asiye na wa kumsindikiza amefukuzwa au ameiba.

Na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mpaka leo. Niligeuka nyuma, nikaona hakuna shuka, hakuna mashemasi, hakuna wimbo. Tulikuwa tunashuka wenyewe, kwa miguu yetu. Nilianza kuruka. Niliruka ule mteremko wote nikiimba, mkeka ukinipiga magotini.

Mama alinichapa kofi. "Unafurahia nini? Hauone? Hata imbwa haitusindikize!"

"Ni vizuri, mama," nikasema, shavu likiwaka. "Ni vizuri basitusindikize."

Akasimama. Alinitazama vile alivyonitazama sebuleni, akasema, "Basi imba." Nikaimba mpaka tukafika barabarani.

Tulijibanza katika jiko la mwanamke muuza mkaa. Haukupita muda nikatumwa sokoni kununua chumvi, na pale, nyuma ya beseni la sambaza, dagaa wa ziwa letu, nikamwona Furaha akifukuza nzi. Nilipiga kelele iliyofanya watu washike mifuko yao. Furaha akainuka. "Unapiga kelele ya nini? Miye ni muzimu?" Nikamgusa mkono. Ulinuka samaki. Nikamuuliza walimfanya nini. Akasema wanalala wote juu ya ile matela, na kwamba inanuka.

Mama yake alinisikia akacheka. "Kumbe Maman Riziki alibakatalia! Miye bananiita kila wageni bakikuja, nishuhudie tena. Machozi imeisha. Sasa ninapitisha kitunguu kwa macho." Alicheka tena, kisha akaacha, akaanza kupanga upya sambaza ambazo zilikuwa zimepangika. Alinifungia fungu moja. "Peleka kwa mama. Usiseme nani."

Wapatanishi waliisikiliza kesi. Walimpa mama sehemu ya juu yenye migomba. Ya chini, penye kijito, ikabaki kwa baba mdogo. Mama alirudi Nzahaha akajenga kibanda, akalima pale maisha yake yote, huku akimwona shemeji yake kila asubuhi ng'ambo ya mtaro wa mpaka ambao mama aliuchimba mwenyewe. Hawakusalimiana tena. Kwa kila mgeni alisimulia kisa kilekile: "Siku ile nilikuwa nimechoka, nilitaka kukubali. Huyu mutoto ndiye alinikataza. Alielewa mambo ya shamba angali mudogo." Nami nilikaa kimya. Kila nilipochoka kukaa mahali nikaondoka, nilijua kuna shamba moja duniani ambako ninahesabiwa mwenye akili.

Aliugua, nikarudi. Nilipoleta lile godoro la Kamembe, harufu ikajaa kibanda, nikamwambia ukweli. Nilimwambia habari za shuka, na wimbo, na Furaha, na uji niliouacha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ulikuwa unaogopa kufa tu?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka mpaka nikamwinua akohoe. "Na miye nilikuamini!" akasema. "Nilikataa mbele ya bantu ba Mungu bote juu ya mutoto muoga!" Akafuta macho. Yalikuwa machozi ya nje. "Nitoe juu ya hii matela, inanuka. Niweke ku mukeka."

Alifia kwenye mkeka.

Siku ya kumzika, wanaume walikuwa wamekwisha kuinua jeneza niliposikia wimbo ukipanda njia. Walikuwa wanawake wa nyumba ya mlimani, wamevaa vitenge vya sare, na mbele yao Maman Pasta, sasa mkongwe mwenye fimbo. Mkononi alikuwa na shuka jeupe lililokunjwa vizuri. Nikaenda nikasimama kwenye mtaro wa mama, mahali njia inapoingia shambani. Wimbo ukakatika.

"Riziki," akasema. Sauti ilikuwa ileile. Alinyoosha mkono kutafuta kidevu changu, nikarudisha kichwa nyuma. "Tumekuja kumusindikiza mama yako."

"Aliisha kusindikizwa."

"Na nani?"

"Na miye," nikasema. "Toka getini kwako mpaka barabarani."

Alisimama na shuka lake. Nilingoja aseme jina la Mungu, nilikuwa na jibu. Hakusema. Nikawapa wabebaji ishara, nikawafuata, tukapita na mama kati ya migomba yake bila wimbo, mimi nikiwa nyuma kabisa. Sikugeuka. Lakini nilisikiliza njia nzima, na hakuna mguu uliovuka ule mtaro.